KIMBUNGA NI KITU GANI? MAJIBU YA KUWAPA WATOTO WAKO



Kila mwaka, kuanzia Novemba hata Aprili au Mei, redio hutaja vimbunga katika Bahari ya Hindi, na watoto huuliza, "Baba, kitafika kwetu?" Swali hili ni jema, nawe yakupasa kulijibu sawasawa, maana lahusu shamba lako pia.

Kwanza waeleze ya kuwa kimbunga si chamchela, ule upepo uzungukao uwanjani ukainua vumbi na majani makavu, kisha ukaisha. Chamchela hupita ua mmoja. Kimbunga huweza kufunika nchi kama kutoka Mombasa hata Voi, na zaidi.

Kimbunga huzaliwaje? Waonyeshe sufuria ya maji jikoni. Maji yakipata moto, mvuke hupanda. Baharini ni vivyo hivyo. Maji yakifika joto la nyuzi 27 hivi za sentigredi, tena si juu tu bali hata kina cha mita 50, mvuke mwingi hupanda. Ukifika juu hugeuka mawingu, na katika kugeuka huko hutoa joto lisukumalo hewa izidi kupanda. Hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi. Lakini dunia inazunguka, kwa hiyo hewa hiyo haiendi moja kwa moja, bali hupinda. Basi upepo wote huzunguka, na kusini mwa Ikweta huzunguka kama mishale ya saa.

Katikati pana mahali patulivu paitwapo jicho. Jicho likipita juu ya mji, watu hudhani shari imekwisha, kumbe upepo waja tena kutoka upande wa pili. Kimbunga kikiingia nchi kavu hukosa maji ya moto, nacho hudhoofika.

Je, kitafika Likoni, Kisauni au Changamwe? Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, na karibu na Ikweta ile nguvu ya kuupinda upepo ni ndogo sana. Kwa hiyo ni shida kimbunga kufika kwetu. Lakini majirani zetu wa kusini wamekiona. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa mbele kwa karafuu. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na huku Pwani ya Kenya wavuvi walionywa wasiende baharini.

Sasa sikiliza neno kubwa kwa mkulima. Kimbunga cha mbali chaweza kugeuza mvua yako. Mwezi Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, na watu zaidi ya 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kwetu hakikuvunja hata kibanda, lakini kilivuta unyevu wa hewa kwenda kusini, na mvua za masika zikachelewa katika sehemu nyingi za Kenya. Tena, kikikaa upande wa mashariki wa Madagaska chaweza kutuzidishia mvua, kama ilivyokuwa Machi 2018.

Basi, usikiapo habari ya kimbunga, fanya haya:

1. Usitie mbegu yote ardhini kwa mvua ya kwanza. Weka akiba ya kupandia tena, kwa maana mbegu iliyokosa mvua huliwa na mchwa, na kununua nyingine ni gharama.

2. Panda mihogo na kunde pamoja na mahindi, ili kimoja kikikosa, kingine kikulishe.

3. Zibua mifereji ya shamba kabla ya mvua kubwa.

4. Onyo la upepo likitolewa, angua nazi na makuti makavu yaliyo karibu na nyumba, wala usifunge mbuzi chini ya mnazi.

5. Fuata taarifa za Idara ya Hali ya Hewa, na umwulize Bwana Shamba wako kabla ya kupanda.

Mtoto ajuaye kusoma mpe kazi ya kuandika kila siku mvua iliponyesha. Baada ya miaka michache daftari hilo litakufaa kuliko kukisia.