GOTI SI BAWABA

Ikiwa unaishi Umoja, Kayole au Pipeline, unazijua ghorofa zetu: orofa tano, sita, na lifti hakuna. Sisi vijana hupanda mbio. Mzee mwenye goti bovu hupanda ngazi moja moja akishikilia ukuta, na siku nyingine hashuki kabisa. Ndiyo maana nimeamua kuandika kuhusu upasuaji wa kubadilisha goti, na hasa kuhusu kano, ambazo watu hawazitaji sana ilhali ndizo zinazoamua kama goti jipya litatulia au litachezacheza.

Shosho yangu huuza nguo za watoto Gikomba. Daktari alipomshauri abadilishwe goti la kulia, alikataa katakata. Sokoni walikuwa wamemwambia ati goti lote hung'olewa, mishipa yote hukatwa, na mguu hubaki kama mti. Mimi ndimi humsindikiza kliniki kwa sababu Mama huwa kazini, basi nikamuuliza daktari jambo hilo moja kwa moja, kisha nikaongezea kwa kusoma.

Kano ni nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Goti lina nne kubwa. Mbili ziko kandokando, moja ndani na moja nje, na huzuia goti kupinda upande. Mbili nyingine ziko katikati, zimepishana kama herufi X, moja mbele na moja nyuma. Ile ya mbele wachezaji wa kandanda pale Camp Toyoyo wanaiogopa sana, maana ndiyo hukatika mtu akigeuka ghafla.

Daktari hang'oi goti zima. Hukata vipande vyembamba tu vya mfupa, milimita 9 hivi kwenye ncha ya mfupa wa paja na kiasi kinachokaribia hicho juu ya muundi. Kisha huvika chuma pande zote mbili na kuweka plastiki ngumu katikati, mahali pa gegedu iliyolika. Kano za kando huachwa.

Kwa nini asikate zote akatia bawaba, kama zile za milango zinazotengenezwa na mafundi wa jua kali Kamukunji? Wazo hilo lilijaribiwa kweli. Miaka ya 1950 Börje Walldius wa Uswidi alitengeneza goti la bawaba. Shida ni kwamba goti la binadamu halikunjiki tu, bali pia hubingirika, huteleza na kujizungusha kidogo. Bawaba hukataa kuzunguka, basi nguvu yote huishia pale chuma kilipogandishwa kwenye mfupa, na mengi ya magoti hayo ya kwanza yalilegea. Mwaka 1968 Frank Gunston, akiwa Wrightington huko Uingereza, alikuja na goti lililoacha kano zifanye kazi yake. Bawaba ingali ipo, lakini kwa wale ambao kano zao zimeharibika kabisa.

Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ni kusawazisha. Daktari hupima nafasi mguu ukiwa umenyooka, akapima tena ukiwa umekunjwa, na nafasi hizo zinatakiwa zilingane. Mtu mwenye matege kano yake ya ndani huwa imekaza, hivyo hulegezwa pole pole. Ikizidi kulegezwa, goti linayumba.

Zile za katikati nazo? Katika upasuaji wa goti zima, ile ya mbele kwa kawaida huondolewa. Kuhusu ya nyuma madaktari hawajaafikiana: wengine huiacha, wengine huiondoa na kutumia plastiki yenye kijiti kinachofanya kazi yake, na matokeo hayapishani sana. Anayetaka kubaki na zote nne ni yule ambaye gegedu imelika upande mmoja tu na kano zake ni nzima. Huyo huweza kuwekewa nusu goti, kama lile lililobuniwa Oxford na John Goodfellow na John O'Connor miaka ya 1970. Kwa hiyo anayechelewa sana kwenda kupimwa anaweza kujifungia mlango huo. Hapa kwetu upasuaji wa kubadilisha goti hufanywa Kenyatta, Kikuyu na Kijabe, miongoni mwa hospitali nyingine.

Shosho gegedu imekwisha pande zote mbili, basi nusu goti haimfai. Kano zake za kando ni nzima, na ile ya nyuma daktari ataiangalia akishafungua. Shosho akamuuliza, "Daktari, nitaweza kuchuchumaa nichague nguo kwa robota?" Akajibiwa bila kufichwa: ngazi atapanda, lakini kuchuchumaa asitarajie sana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema jina lake liandikwe. Sasa tunachanga pesa, na mimi nimepewa kazi ya kumsimamia mazoezi ya kukunja goti, ambayo huanza siku ya kwanza au ya pili tu baada ya upasuaji, kabla goti halijakaza.