Barbados: Kisiwa kinachokaribisha mgeni mwenye kipato chake

MGENI njoo, mwenyeji apone. Methali hii yaeleza vyema sera ya kisiwa cha Barbados, katika eneo la Karibea.

Mnamo Julai 2020, janga la corona lilipokuwa limelemaza utalii, serikali ya nchi hiyo ilianzisha kibali cha Welcome Stamp. Kibali hicho humruhusu mgeni kuishi huko miezi 12 akimfanyia kazi mwajiri aliye ng'ambo, mradi kipato chake kisipungue dola 50,000 za Marekani kwa mwaka. Haruhusiwi kuajiriwa kisiwani, hivyo akiishiwa na fedha hana pa kuegemea.

Bidhaa nyingi huagizwa kutoka nje na bei yake ni ghali. Nafuu imo katika kuishi kama wenyeji: kusafiri kwa magari ya abiria yaitwayo ZR, ambayo kwa muziki na msongamano hayatofautiani sana na matatu, kuogelea katika fuo za umma zisizotozwa kiingilio, na kula samaki wa kuchoma mjini Oistins Ijumaa usiku.

Hata hivyo, Bathsheba, upande wa mashariki, mikondo ya bahari ni hatari kwa waogeleaji. Maji matulivu yako magharibi.