Alizeti, Karai na Ugomvi wa Wataalamu

Mwaka 1992 mradi wa Wizara ya Afya uliojulikana kwa kifupi chake, AMMP, ulianza kuhesabu vifo vya watu wazima katika maeneo matatu ya Tanzania: sehemu za Dar es Salaam, Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, na Morogoro Vijijini. Palipotokea msiba, wahesabuji waliketi na wafiwa wakauliza ugonjwa ulianzaje na marehemu alikuwa na dalili gani. Matokeo ya kiharusi yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2000. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64 wa Morogoro Vijijini, wilaya iliyokuwa maskini kuliko zote tatu, kiharusi kiliua kwa mwaka wanaume 35 na wanawake 27 katika kila watu 100,000. Uingereza na Wales mwaka 1993, hawakufika wanaume 11 wala wanawake 9. Dar es Salaam ilikuwa mbaya zaidi: wanaume 65, wanawake 88.

Mikese imo Morogoro Vijijini, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, kabla hujaingia mji wa Morogoro, safu ya Uluguru ikiwa kushoto kwa anayetoka Pwani. Reli ya kati nayo inapita hapo, na penye wasafiri hapakosi karai la kukaangia. Mama lishe wa barabara kama hii siku hizi anasikia mambo mawili kwa wakati mmoja. Kliniki anaambiwa kwamba, ili kulinda moyo na mishipa, aachane na mafuta yanayoganda, atumie ya alizeti. Kwenye simu anatumiwa video inayosema mafuta ya mbegu ni sumu, yanachoma mishipa, heri arudi kwenye samli. Kinachoudhi ni kwamba pande zote mbili zina tafiti za kweli mkononi.

Tuanze na kemia kidogo, kwa sababu ndiyo chimbuko la ugomvi. Asidi kuu katika mafuta ya alizeti huitwa linoleiki. Mnyororo wake wa kaboni una viungo maradufu viwili, na katikati yake kuna hidrojeni iliyoshikiliwa kwa ulegevu. Joto au mwanga ukisaidia, hidrojeni hiyo inanyakuliwa. Molekuli iliyoporwa haitulii: inampora jirani, naye anampora wa pili, kama moto wa kiangazi unavyopanda Uluguru kutoka kwenye shamba moja lililochomwa. Asidi ya oleiki, iliyo nyingi kwenye karanga na zeituni, ina kiungo maradufu kimoja tu, nayo huoksidika polepole zaidi, mara kumi au hata zaidi. Mafuta ya nazi, ambayo takribani asilimia 90 ni asidi zilizoshiba hidrojeni, hayana pa kushikwa. Ndani ya mwili, radikali huru za namna hii zikizidi nguvu ya kinga, ndipo tunapozungumzia msongo wa oksidesheni.

Kwa hesabu hiyo tu, alizeti ingeonekana hatari na nazi salama. Lakini Chama cha Moyo cha Marekani kilipoanza kushauri mwaka 1961 kwamba mafuta ya wanyama yapishe ya mbegu, hoja yake ilikuwa lehemu, na kwa upande wa lehemu hakuna ubishi mkubwa: linoleiki huishusha, asidi nyingi zilizoshiba huipandisha. Swali lililobaki ni kama lehemu ikishuka kwa njia hiyo watu wanaokoka.

Sydney walijaribu kati ya 1966 na 1973. Wanaume 458 waliokwisha kupata tatizo la moyo waligawanywa. Kundi moja likapewa mafuta na majarini ya kartamu, mmea wa jamii moja na alizeti. Takwimu zilipochambuliwa upya na Christopher Ramsden na wenzake mwaka 2013, waliokufa katika kundi la kartamu walikuwa asilimia 17.6, na katika kundi jingine 11.8. Utafiti wa Minnesota ulikuwa mkubwa zaidi: watu 9,423 katika hospitali za akili na nyumba ya wazee, kati ya 1968 na 1973, wakipewa mafuta ya mahindi. Lehemu ilishuka vizuri, vifo havikupungua. Sehemu ya takwimu hizo haikuchapishwa kwa miongo kadhaa, hadi ilipokutwa nyumbani kwa mmoja wa watafiti wakuu, Ivan Frantz, akiwa amekwisha kufariki. Ramsden alizitoa hadharani mwaka 2016. Mtu mzima anayesoma habari hiyo ana haki ya kukasirika.

Lakini hasira hiyo isitupofushe. Minnesota wagonjwa walikuwa wakiingia na kutoka. Waliokula chakula cha utafiti kwa mwaka mmoja au zaidi ni 2,355 tu, na mishipa haijengi wala haibomoi utando wake kwa miezi michache. Majarini ya miaka ile nayo huenda ilibeba mafuta ya transi, ambayo leo tunajua ni adui wa moyo. Upande wa pili kuna utafiti wa wanaume 846 wa Los Angeles na ule wa hospitali za Finland, na majaribio manane yalipojumlishwa mwaka 2010, waliobadilishiwa mafuta walipata matatizo ya moyo pungufu kwa asilimia 19. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2020 yaliona matukio ya moyo na mishipa yakipungua kwa asilimia 17 hivi pale asidi zilizoshiba zilipopunguzwa kwa miaka miwili au zaidi, ingawa idadi ya vifo ilibaki karibu pale pale. Kwangu mimi uzito umeelemea upande wa mafuta ya mbegu. Si uzito wa kutisha.

Na oksidesheni? Mwaka 1989 Daniel Steinberg na wenzake walieleza jinsi chembe zinazobeba lehemu zikioksidika zinavyomezwa na seli za kinga kwenye ukuta wa mshipa, seli zikavimba na kuanza kuziba njia. Nadharia nzuri, na vipande vyake vingi vimethibitika maabara. Ila ilipopimwa kwa watu ilijikwaa. Utafiti ulioitwa HOPE, wa mwaka 2000, uliwafuatilia watu zaidi ya 9,500 walio katika hatari kwa zaidi ya miaka minne, baadhi wakipewa vitamini E kwa matarajio kwamba itazima oksidesheni. Hawakutofautiana na waliopewa kidonge kitupu. Halafu mwaka 2019 vipimo vya damu na tishu za watu 68,659 kutoka nchi 13 vilionyesha kwamba wenye linoleiki nyingi mwilini waliugua moyo na mishipa kidogo kuliko wengine.

Tanzania inayo ushahidi wake, na nashangaa hautajwi. Mwaka 1996 Paolo Pauletto na timu yake walichapisha utafiti wa Lugalawa, wilayani Ludewa. Walilinganisha wanakijiji wa kando ya Ziwa Nyasa, wanaokula samaki kila siku, na wenzao wa milimani wanaoishi kwa nafaka na mboga. Wa ziwani walikuwa na presha ya chini na lehemu ya chini, na damu yao ilijaa omega-3. Kulinganisha vijiji si sawa na jaribio, najua. Lakini omega-3 ya samaki ina viungo maradufu vitano au sita, inaoksidika upesi kuliko linoleiki. Kama wepesi wa kuoksidika ungekuwa ndio hukumu, watu wa ziwani wangekuwa wa kwanza kuanguka. Mwili hai una kinga yake, na mafuta yanayofika yakiwa mazima huyapokea bila shida.

Karai halina kinga hiyo. Tazama mafuta ya chipsi jioni: yamekuwa ya rangi ya chai ya rangi, mazito, ukitia kiazi povu dogo dogo linapanda na halikatiki upesi, moshi unaanza mapema kuliko asubuhi. Mwenye karai hamwagi. Anaongeza mapya juu ya ya jana, kwa sababu mafuta ni ghali na faida ya sahani moja ni ndogo. Mle ndani linoleiki imekwisha kuvunjika na kuzaa aldehaidi, ikiwemo ile inayofupishwa HNE, na chakula kinazifyonza. Huko Pizarra, Hispania, watafiti walipima mafuta majumbani na kukuta kwamba kadiri yalivyochakaa ndivyo presha ya wakaaji ilivyoelekea kuwa juu. Hayo yalichapishwa mwaka 2003. Malaysia walilisha panya mafuta yaliyochemshwa mara tano na mara kumi, ya soya na ya mawese, presha ikapanda kwa yote mawili. Kwa hiyo kukimbilia mawese hakumwokoi mtu anayerudia mafuta.

Hapo ndipo ninapoyaona makosa ya video zile. Zinachukua hatari ya karai zinaibandika kwenye chupa. Na ushauri wa kliniki nao una pengo: unataja jina la mafuta, haugusi yanavyotumika. Hata chupa yenyewe ina mambo. Mafuta ya alizeti ya kukamuliwa mashineni, yanayopangwa juani kando ya barabara ya Dodoma katika chupa zinazopitisha mwanga, yanaanza kuchacha kabla hujayafikisha nyumbani. Jambo jingine, alizeti iliyokomaa kwenye joto huwa na oleiki zaidi kuliko ya nchi za baridi, kwa hiyo si kila kipimo cha Ulaya kinaifaa ya kwetu.

Ningeshauri hivi. Alizeti ya kupikia mboga nyumbani, moto wa wastani, chupa kabatini. Ufuta, ambao Morogoro inaulima, una sesamini na sesamoli zinazochelewesha kuchacha, ukiupata tumia. Mawese yaliyosafishwa, yale yanayoganda ukipanda nayo kwenye baridi ya Mgeta, yanavumilia karai vizuri zaidi lakini yanapandisha lehemu. Yasiwe mafuta yako ya kila siku. Nazi kwenye wali wa sikukuu haina ugomvi na mimi. Karai likishatoa povu na moshi wa mapema, mafuta yamekufa, hata kama yalinunuliwa jana.

Nchi kadhaa za Ulaya hupima mafuta ya kukaangia kwa kifaa cha kushika mkononi na kuyamwaga yakifika takribani asilimia 25 ya misombo ya polari, yaani mabaki ya mafuta yaliyovunjika. Kwa stendi na vituo vya barabara hii, bwana afya mwenye kifaa hicho, akisaidiwa na wataalamu wa chakula wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) walio pale pale Morogoro, angefanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya lishe. Halmashauri ikinunue.

Wewe msomaji, kabla hujabadili mafuta, pita zahanati upime presha. Kiharusi kwa jumla kimefungamana nayo kuliko na kitu kingine chochote, na chumvi ya mezani inaipandisha bila kujali umekaangia nini.