Land Rover Kuukuu Yaweza Kusema na Watu wa Mbali

Apitaye katika barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma, kwa njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye, huenda akaiona Land Rover ya zamani imebeba magunia ya mahindi au mitungi ya maziwa. Rangi yake imepauka na viti vimeraruka, lakini yapita katika matope bila kusukumwa. Gari la kwanza la namna hii lilionyeshwa kwa watu katika mji wa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule chuma cha pua kilikuwa adimu katika Uingereza kwa sababu ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, basi fremu ikafanywa kwa chuma, na sehemu kubwa ya bodi kwa mchanganyiko wa alumini. Jambo hilo lililoletwa na uhaba lina faida kwa mtu atakaye kufunga redio ya kusemea katika gari lake, maana alumini hupitisha umeme vizuri.

Huenda msomaji akauliza, redio ni ya nini siku hizi, ambapo kila mtu ana simu ya mkononi? Jibu lapatikana karibu. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019 mvua kubwa ilinyesha katika Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale. Milima iliporomoka, na watu zaidi ya 40 walikufa. Barabara na madaraja yalikatika, hata wasaidizi wakachelewa kufika. Simu ya mkononi hutegemea mlingoti wa kampuni, na mlingoti hutegemea umeme. Mahali usipofika, au umeme wake ukizimika, simu hiyo haina kazi. Redio ya garini yahitaji betri na antena yake, na mtu wa pili mwenye redio ya namna ile ile. Ndiyo sababu huduma ya madaktari wa ndege, iliyoanzishwa Afrika ya Mashariki mwaka 1957, ilitumia redio kwa miaka mingi kusema na hospitali zilizo mbali.

Lakini redio yenye nguvu iliyofungiwa antena mbovu ni kama mtu mwenye sauti kubwa aliyejifunika blanketi. Kwanza, urefu wa antena lazima upatane na mawimbi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua 75, uigawanye kwa idadi ya megahezi, na jibu litakuwa karibu na urefu unaotakiwa, kwa mita. Redio ya megahezi 145 yataka antena ya nusu mita tu. Ile ya megahezi 27 yataka mita 2 na robo tatu. Ile ya megahezi 7 ingetaka karibu mita 11, na hakuna gari liwezalo kubeba fimbo kama hiyo. Hapo fundi huzungusha waya mwingi kama chemchemi ili antena fupi ifanye kazi ya ndefu, ingawa nguvu nyingine hupotea kuwa joto.

Pili, fimbo ionekanayo ni nusu tu ya antena. Mwaka 1895 Mtaliano Guglielmo Marconi aliunganisha upande mmoja wa mtambo wake na ardhi, akapata kusikika mbali zaidi. Motokaa husimama juu ya mipira, haigusi ardhi, kwa hiyo bodi yake ndiyo huwa badala ya ardhi. Kwa sababu hiyo mahali bora pa kufunga antena fupi ni katikati ya paa la alumini. Paa la turubai halifai kitu katika kazi hii. Mwenye gari la turubai na atumie madigadi, au afunge kipande cha chuma imara katika kona ya nyuma. Antena ndefu nayo hufungwa nyuma, juu ya springi, na waya mfupi na mnene huunganisha kitako chake na fremu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hufunga antena juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Yapasa kuikwangua chini ya kitako hata alumini ing'ae. Tena, bolti ya chuma ikigusana na alumini, kisha maji ya mvua yakiingia katikati, huwa kama betri ndogo ambayo hula alumini polepole na kuacha unga mweupe. Yafaa kupaka grisi, kuweka mpira wa kuzuia maji, na kufungua na kutazama kabla ya kila masika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na kwa kuwa paa la alumini ni jembamba, kibati kigumu kiwekwe chini yake, lisije likapasuka kwa mitikisiko ya barabara.

Tatu, umeme. Katika nyingi za Land Rover za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967, upande chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi. Redio za sasa hutaka kinyume chake. Asiyetazama jambo hili kwanza aweza kuiunguza redio mara moja. Nyaya za redio zitoke moja kwa moja katika betri, na fyuzi iwe karibu na betri.

Nne, nchi yenyewe. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Mawimbi mafupi ya megahezi 145 huenda kwa mstari ulionyoka kama mwanga, na mlima Elgon wenye mita 4,321 huyazuia. Aliye bondeni asipojibiwa asiilaumu redio upesi. Apande kwanza mgongo wa kilima, ajaribu tena.

Yako mambo mawili yasiyotaka mzaha. Antena ndefu ikigusa nyaya za umeme zinazovuka njia yaweza kuua, basi ilazwe na kufungwa kabla ya kupita chini yake. Na sheria ya Kenya hairuhusu mtu kutangaza kwa redio bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Wapenzi wa redio wenye leseni hujulikana kwa herufi 5Z4, ambazo kabla ya uhuru zilikuwa VQ4. Leseni hutolewa ili sauti ya mmoja isiizibe sauti ya mwingine, ambaye huenda ni rubani au askari aliye kazini.

Mwenye Land Rover kuukuu na aifanye kazi hii wakati wa kiangazi, kisha asimame Kitale na mwenzake asimame njiani kuelekea Bungoma, wajaribiane mahali kwa mahali, na kuandika katika daftari wapi walisikilizana na wapi hapana. Siku daraja litakapochukuliwa na maji si siku ya kutafuta spana.