Ukisafiri kipupwe, ulizia hali ya hewa ya huko uendako



Mwezi wa Juni shule zinapofungwa, stendi za mabasi hujaa. Wengine huwapeleka watoto kwa bibi na babu, wengine huenda harusini au kumaliza msiba. Ndiyo majira yetu ya kipupwe, Juni hadi Agosti. Mvua za masika zimekwisha, barabara zinapitika, na mavuno yapo nyumbani. Lakini Tanzania ni nchi kubwa: kipupwe cha Njombe si kipupwe cha Mtwara.

Sisi wauguzi huyaona makosa ya safari wakati safari imekwisha. Mama mmoja wa huku kwetu nyanda za juu alimpeleka mwanawe wa miaka minne Kyela kwa bibi yake. Walikaa majuma mawili. Siku ya kumi baada ya kurudi, mtoto akaanza kuchemka mwili na kutetemeka. Kwa kuwa huku kulikuwa na baridi kali, mama alidhani ni baridi tu. Akamfunika blanketi na kumpa dawa ya kutuliza homa. Siku ya tatu mtoto akapata degedege, ndipo wakamleta wodini.

Tulimwuliza, "Mama, mlisafiri?" Kipimo kilionyesha malaria, na damu ilikuwa imepungua sana. Mtoto aliongezewa damu, akapona.

"Lakini Sista, huku kwetu hakuna mbu," alisema mama.

Ni kweli, mbu wa malaria ni wachache huku. Ndiyo maana mwili wa mtoto wa huku haujazoea malaria, na ikimpata humwangusha upesi.

UKISHUKA KWENYE JOTO

Malaria ni nyingi zaidi Tabora, Kigoma, Kagera, Geita, Mtwara na Lindi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Tabora ilikuwa asilimia 23. Usidanganyike kwamba mvua zimekwisha. Sehemu nyingi malaria huzidi katika miezi inayofuata masika, kwa sababu ya mbu waliozaliana katika madimbwi ya mvua.

Chukueni chandarua chenu chenye dawa, msitegemee cha mwenyeji. Kumbukeni pia kwamba homa ya malaria haianzi siku ile mtu anapoumwa na mbu. Mara nyingi huchukua siku 7 hadi 30. Basi mtu akipata homa baada ya kurudi, hata kama mwezi umepita, akapimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mganga mlikotoka.

UKIPANDA KWENYE BARIDI

Anayetoka Dar es Salaam na shati jepesi hupata shida akifika Makete, Mufindi au Lushoto usiku. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,600, na alfajiri ya kipupwe sakitu nyeupe huweza kuonekana juu ya majani. Mtoto mchanga avalishwe kofia na soksi, na abebwe karibu na mwili wa mama. Akipumua haraka haraka au mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, huenda ni nimonia. Msingoje asubuhi.

Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta. Mwenye ugonjwa wa seli mundu avae nguo nzito tangu ndani ya basi, na anywe maji njia nzima. Wengi hujinyima maji wakiogopa kuomba dereva asimame, na baridi pamoja na ukosefu wa maji ndivyo huamsha maumivu yake.

Hili shikeni sana: MSILALE NA JIKO LA MKAA CHUMBANI. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu hulala asiamke. Familia nzima inaweza kufa hivyo usiku mmoja. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi na umpeleke hospitali. Wageni wapewe blanketi la pili, au chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa.

UKIPITA MAJINI

Kipupwe ni majira ya upepo wa kusi, na bahari huchafuka. Meli ya MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar. Wengi walifariki. Sikilizeni redioni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikionya juu ya upepo mkali, ahirisheni safari. Nauli hutafutwa tena.

KABLA HUJAKATA TIKETI

1. Mpigie simu mwenyeji wako: usiku kuna baridi kiasi gani? Mbu wapo?

2. Hesabu wasafiri: nani ni mchanga, mjamzito, mzee, mwenye pumu au seli mundu?

3. Funga dawa za kila siku za kutosha safari nzima na siku chache zaidi. Ziwe katika mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi.

4. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto na ya mama mjamzito.

5. Ulizia zahanati iliyo karibu na mnakofikia.

Kuuliza si ujinga. Yule mama wa Kyela husafiri hadi leo, ila sasa chandarua ndicho kitu cha kwanza kuingia katika begi lake. Nawatakia safari njema.