Gobore, shotgun au rifle? Kwa nini bunduki ya kuwindia haichaguliwi kwa sura

Weka bunduki tatu mezani. Ya kwanza ina mtutu mrefu, mbao yake imechubuka na imefungwa waya. Ya pili ina mbao inayong'aa na chuma cheusi chenye rangi ya bluu kwa mbali. Ya tatu ni nyeusi tii, kitako cha plastiki, darubini juu yake. Uliza watu kijiweni pale Bariadi ipi ina nguvu zaidi, na wengi watanyoosha kidole kwenye ile nyeusi.

Wanaweza kuwa wamekosea kabisa. Ya pili na ya tatu zinaweza kutumia risasi ileile, kwa kasi ileile, na kumwangusha mnyama yuleyule. Tofauti ikawa ni mavazi tu.

Kwa mkazi wa Simiyu hii si stori ya kubishania tu. Mkoa umepakana na Hifadhi ya Taifa Serengeti na una Pori la Akiba Maswa, ambako uwindaji wa kitalii unafanyika kwa kibali. Upande wa pili kuna vijiji ambavyo tembo huingia mashambani, na kuna watu bado wana gobore ndani. Kutojua bunduki ipi inafanya nini kunaweza kumgharimu mtu maisha, au miaka gerezani.

Kwa ufupi

- Sura ya bunduki haisemi chochote kuhusu nguvu yake. Uzito na kasi ya risasi ndivyo vinavyosema.
- Gobore kwa tembo au nyati ni hatari zaidi kwa anayelishika kuliko kwa mnyama.
- Bunduki yoyote bila leseni, hata gobore la babu, ni kosa.

Kwanza, "deer" hayupo Tanzania

Ukitafuta mtandaoni bunduki za kuwindia, utakutana na video nyingi za Wamarekani wakilinganisha rifle za kupigia "deer". Tafsiri za Kiswahili mara nyingi humwita kulungu. Si sahihi. Deer ana pembe zenye matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Kulungu wa huku ni ndugu wa tandala na pofu, na pembe zake haziangui. Barani Afrika deer wa asili anapatikana kaskazini kabisa tu.

Tofauti hii ina maana kwenye bunduki. Mmarekani anayewinda deer anahitaji rifle moja ya wastani na imetosha. Maswa kuna swala tomi wa kilo 20 na kitu, swala pala wa kilo 50 hivi, nyumbu wa kilo 200 na zaidi, pofu dume anayeweza kukaribia kilo 900, na nyati ambaye akijeruhiwa hakimbii moja kwa moja. Anaweza kujificha kichakani akakusubiri. Hakuna bunduki moja inayowafaa wote hawa.

Gobore: inatisha kwa mlio na moshi

Gobore hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unaweka kitambaa au makumbi, unatia gololi ya risasi, kisha unashindilia kwa mdeki, yaani ile fimbo ndefu ya chuma. Fataki ndogo karibu na kitako ndiyo inayowasha baruti.

Ukifyatua, unapata mlio mkubwa na wingu la moshi. Ndiyo maana wengi huamini ina nguvu sana. Lakini ndani ya mtutu ni laini kama bomba la maji, na magobore mengine ya kienyeji yametengenezwa kwa bomba la maji kweli. Gololi hutoka ikiyumba. Ukivuka hatua 50 hadi 70 hivi, kulenga kunageuka bahati nasibu. Ukikosa, unaanza kumimina baruti upya huku mnyama anakuangalia.

Hatari nyingine ni mtutu wenyewe. Baruti ikizidi au bomba likiwa na kutu, linapasuka karibu na uso wa aliyelishika.

Kuhusu moshi, historia ya nchi hii ina mfano mzuri. Mwaka 1914, vita ya kwanza ya dunia ilipofika Afrika Mashariki, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871 zilizotumia baruti ya moshi. Kila aliyefyatua alikuwa anamwonyesha adui alipo. Walipoiteka silaha ya Waingereza kwenye mapigano ya Tanga Novemba mwaka huo, walipata rifle za kisasa ambazo hazikuwa na tatizo hilo.

Shotgun: ya ndege, si ya nyati

Shotgun, au bunduki ya marisau, nayo ina mtutu laini. Badala ya risasi moja hurusha punje nyingi ambazo hutawanyika kadiri zinavyokwenda. Ile ya kawaida ya namba 12 ina mtutu wenye upana wa milimita 18.5 hivi, na ukiuchungulia unaweza kudhani ni mzinga.

Upana huo unadanganya. Kila punje ni nyepesi na hupoteza kasi haraka. Kwa kanga na kwale ni silaha bora, kwa sababu ndege anaruka na punje zilizotawanyika zinampa mpigaji nafasi. Hata ukitumia punje kubwa, ukivuka mita 40 hivi unabaki unajeruhi tu.

Rifle: siri iko ndani ya mtutu

Chungulia mtutu wa rifle utaona mikwaruzo inayozunguka kama nyuzi za skrubu. Mikwaruzo hiyo huifanya risasi itoke ikizunguka, na kitu kinachozunguka hutulia, kama pia anayochezea mtoto. Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya rifle na gobore, na kwa nje huioni.

Kinachofuata ni kaliba, yaani upana wa risasi, pamoja na uzito na kasi yake. Linganisha hizi tatu ambazo wawindaji wa Afrika wanazifahamu sana:

- .30-06, ya mwaka 1906 kutoka jeshi la Marekani. Risasi ya gramu 11.7 hutoka kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Nguvu yake ni joule 3,900 na kitu. Inafaa swala, nyamera, kongoni, ngiri na nyumbu.
- .375 H&H, ya mwaka 1912 kutoka Holland & Holland ya London. Risasi ya gramu 19.4 kwa mita 770 kwa sekunde, karibu joule 5,700. Kwa wanyama hatari kama nyati na simba, hapa ndipo wawindaji wa kitalii huanzia.
- .458 Winchester Magnum, ya mwaka 1956. Risasi ya gramu 32.4, inayotoka polepole kuliko hizo mbili lakini ikiwa na zaidi ya joule 6,000. Ni ya karibu na ya mnyama mkubwa: nyati na tembo.

Angalia kitu kimoja. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo swala aliyepigwa na .30-06 hufikiwa na risasi kabla ya mlio. Lakini kasi peke yake haimtoshi nyati. Risasi nyepesi inaweza kupasukia kwenye ngozi nene na mfupa wa bega bila kufika moyoni. Kwa mnyama mkubwa, uzito unahitajika ili risasi iendelee kwenda ndani.

Nguvu hiyo nayo ina gharama. Bunduki kubwa hupiga teke begani, na mpigaji anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kufyatua. Akifumba, .458 yake haina faida kuliko .30-06 ya mtu aliyetulia.

Mbao au plastiki? Mtutu mmoja au miwili?

Hapa ndipo sura inapoingia, na kuna mahali ina maana.

Kitako cha mbao ni kizuri kwa macho, na kilichochongwa mti wa mjozi huongeza bei. Tatizo ni mvua. Mbao hunyonya maji, hutanuka na inaweza kuusukuma mtutu kidogo, risasi ikaenda pembeni. Plastiki haina uzuri huo, lakini haijali mvua wala jua. Vilevile chuma kisichoshika kutu kinang'aa kupita kiasi machoni pa wengine, ila kinavumilia jasho na unyevu.

Darubini inasaidia kwa swala aliye mita 150 kwenye mbuga ya wazi. Kwa nyati aliye hatua 20 ndani ya kichaka, inaweza kukuonyesha manyoya meusi tu usijue unalenga wapi. Ndiyo maana wawindaji wengi wa wanyama hatari hupendelea shabaha ya kawaida ya chuma wanapokuwa karibu.

Kisha kuna rifle za mitutu miwili za Uingereza, zenye nakshi za mkono kwenye chuma. Mpya kutoka Holland & Holland inaweza kuzidi pauni laki moja. Faida yake ya kazi ni moja: risasi ya pili iko tayari papo hapo, bila kuvuta chochote. Lakini zikiisha mbili, umebaki na fimbo ghali. Rifle ya kuvuta bolti, mfano CZ 550 ya Czech au Winchester Model 70, hubeba risasi kadhaa, inauzwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo, na risasi yake ya .375 haijui kama imetoka kwenye bunduki yenye nakshi au isiyo nayo.

Mkono wa mpigaji

Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000. Wengi aliwaua kwa rifle ndogo ya .275, ambayo leo watu wangeiona ya kupigia swala. Alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo unakaa wapi hasa, kisha akalenga hapo tu.

Somo si kwamba bunduki ndogo inatosha. Bell alikuwa na uzoefu ambao karibu hakuna mtu anao leo, na idadi ile ya tembo leo ingekuwa janga. Somo ni kwamba risasi iliyokaa mahali pake inashinda bunduki kubwa iliyolengwa vibaya. Viwango vya chini vya kaliba vimewekwa kwa ajili ya watu wa kawaida ambao wanaweza kukosea.

Kwa nini kijiji kinahusika

Mnyama aliyejeruhiwa habaki palepale. Nyati au tembo mwenye risasi mwilini anaweza kutoka porini usiku, na asubuhi anayekutana naye ni mtoto anayechunga ng'ombe au mama anayekwenda kuchota maji. Ndiyo maana mwindaji mwenye kibali anatakiwa amfuatilie mnyama aliyemjeruhi hadi mwisho.

Hapa gobore linakuwa tatizo kubwa zaidi. Tembo akiingia kwenye mahindi au pamba, hasira zinapanda, na mtu anakumbuka silaha ya babu iliyo darini. Gololi ya gobore inaweza kupenya ngozi, lakini fuvu la tembo ni nene na lina matundu kama sega la nyuki. Matokeo ya kawaida ni tembo aliyejeruhiwa na mtu aliyeshika bunduki isiyo na risasi ya pili.

Njia iliyo salama ni kutoa taarifa serikali ya kijiji, ofisi ya wanyamapori ya halmashauri au TAWA ili askari wenye silaha na mafunzo wafike. Serikali ina malipo ya kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Malipo hayo si makubwa na watu hulalamika kuhusu kuchelewa, lakini hayampeleki mtu mahakamani.

Sheria inasemaje

Sheria mbili ndizo za kukumbuka. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasimamia nani awinde, mnyama gani na wapi. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Serengeti hakuna kuwinda kabisa. Bunduki za kufyatua mfululizo haziruhusiwi kuwindia, na kumpiga mnyama kutoka kwenye gari nako ni kosa.

Ya pili ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015. Kwa sheria hii gobore ni silaha kama nyingine. "Nimerithi" si leseni. Kesi za silaha bila kibali zinaweza kuangukia kwenye uhujumu uchumi, na huko dhamana si jambo jepesi. Kwa vipindi tofauti serikali imetangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Tangazo likitoka, mwenye gobore darini ana nafasi ya kulitoa bila kesi.

Na Simiyu inajua silaha haramu zinafanya nini. Januari 29, 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa akiruka kwa helikopta juu ya Pori la Akiba Maswa katika operesheni dhidi ya majangili wa tembo. Walimfyatulia kutoka chini, risasi ikapita sakafu ya helikopta. Aliweza kuishusha, lakini alifariki kwa majeraha.

Kwa hiyo ukiona tena picha ya bunduki nyeusi yenye darubini mtu akaandika "hii ndo kiboko", muulize maswali manne. Ni kaliba gani? Ni ya mnyama gani? Nani anaishika? Na leseni iko wapi?