KUONGEZA MWENDO WA MOTA YA UMEME: MAMBO YA KUZINGATIWA NA VYAMA

Vyama kadha vya msingi huendesha mashine za kusaga nafaka kwa mota za umeme wa njia tatu. Foleni ya wanachama inaporefuka baada ya mavuno, kamati huelekea kuamua kuwa mota iongezwe mwendo. Uamuzi huo ukitekelezwa pasipo kuielewa mota, chama huweza kupoteza mota, mashine, na hata maisha ya mwendeshaji.

Mwendo wa mota hizo hutegemea mambo mawili: idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde, na idadi ya ncha za sumaku zinazofanywa na nyaya zilizosukwa ndani yake. Umeme wa gridi katika Tanzania, Kenya na Uganda una mitetemo 50 kwa sekunde. Zidisha 120 kwa 50, kisha ugawe kwa idadi ya ncha. Mota ya ncha 2 hupata mizunguko 3,000 kwa dakika. Ya ncha 4, 1,500. Ya ncha 6, 1,000. Mota yenyewe hubaki nyuma kidogo ya hesabu hiyo; ndiyo sababu kibao chake huonyesha, kwa mfano, 1,440 badala ya 1,500.

Kwa hiyo kuongeza volti kupita kiasi kilichoandikwa kwenye kibao hakuleti mwendo wa maana, bali huweza kuunguza nyaya. Kuweka fyuzi kubwa zaidi hakuongezi mwendo hata kidogo. Huondoa kinga tu. Kipo kifaa cha kubadili mitetemo ya umeme, nacho huongeza mwendo kwa kweli, lakini ikivuka 50 nguvu ya mota ya kusokota hupungua.

Njia iliyo rahisi ni kuiacha mota ilivyo na kubadili puli. Zidisha mwendo wa mota kwa kipenyo cha puli yake, kisha ugawe kwa kipenyo cha puli ya mashine. Mota ya 1,440 yenye puli ya milimita 200, ikivuta puli ya milimita 100, huizungusha mashine mara 2,880 kwa dakika. Puli ya mota ikiwa milimita 220, mashine hufikia 3,168, yaani ongezeko la asilimia 10.

Ongezeko hilo si dogo kama lionekanavyo. Nguvu inayozivuta nyundo zing'oke huongezeka kwa asilimia 21, na feni ya kupuliza unga huhitaji nguvu zaidi kwa asilimia 33 hivi. Nyundo ikichomoka, hutoka kama risasi.

Kabla ya kununua puli, kamati ihakikishe yafuatayo:

(a) Mikanda haijalegea, nyundo hazijalika, na chekeche halijaziba. Mara nyingi uzito wa kazi hutokana na hayo.

(b) Mwendo mpya hauzidi kikomo kilichowekwa na mtengenezaji wa mashine.

(c) Fundi mwenye leseni amepima ampea mashine ikisaga kwa mzigo kamili, naye apime tena baada ya badiliko. Zisizidi zilizoandikwa kwenye kibao.

Katibu aandike vipimo hivyo pamoja na uamuzi katika kumbukumbu za mkutano. Mota ni mali ya wanachama wote, na gharama ya kuisuka upya hutoka katika mfuko wao.